Gari Lenye Macho Kila Upande

Verlin Sedlacek alilichukia lile gari tangu alipolitia machoni. Alisimama mbele yake katika uwanja wa muuza magari, mikono mifukoni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, akaliangalia kama baba anavyomwangalia mchumba ambaye binti amemleta nyumbani bila taarifa. Boneti ilimfika kifuani, na Verlin si mtu mfupi. Sho ya mbele, ule wavu wa puani, ilikuwa nyeusi, imesimama wima kama ukuta, na taa zilikuwa nyembamba, zimevutwa pembeni, macho ya mtu aliyekudharau kabla hujafungua mdomo. Pikapu za zamani zilikuwa na sura ya kazi. Hii ilikuwa na sura ya ugomvi.

"Limekasirishwa na nani?" alimuuliza muuzaji.

Muuzaji aliitwa Tanner, kijana wa viatu visafi ambaye babu yake alifuga ng'ombe ng'ambo ya mto. Alicheka kwa adabu. "Ndiyo mtindo mpya huo, mzee wangu. Wamelibadilisha lote, kuanzia bampa mpaka kibao cha nyuma. Siku hizi watu wanataka gari likitokea kwenye kioo cha mwenzio, mwenzio apishe."

"Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi."

"Haya, panda basi uone ndani."

Verlin akafungua mlango. Ngazi ikachomoza yenyewe kutoka uvunguni mwa gari, naye akaruka nyuma, kisha akajifanya hakuruka. Ndani kulinukia ngozi mpya. Katikati ya dashibodi ilisimama skrini kubwa kama sinia la kuokea mikate. Viti vilishonwa kwa uzi wa rangi ya asali na vilipasha moto makalio ya mtu akitaka. Usukani nao ulikuwa na joto lake. Kati ya dereva na abiria palikuwa na sanduku pana lililovikwa ngozi. Ukilifunua linakuwa meza, na juu yake pana mahali pa kulaza simu ikajichaji bila waya. Ufunguo wa kuzungusha hakuna, ni kitufe cha kubonyeza. Tanner akagusa huku na kule, na kwenye skrini gari likaonekana zima kutoka juu, utadhani kuna mtu kapanda kinu cha upepo analipiga picha.

"Lina macho kila upande," Tanner alisema. "Mbele, nyuma, ubavuni. Kitu kikikatiza mbele, hata kama wewe umesinzia, linashika breki lenyewe. Halichoki, halisahau."

Verlin alikuwa ameshaweka mguu mmoja chini. Akaurudisha. "Sema tena hapo."

"Linashika breki lenyewe."

"Hapana. Hapo mwisho."

"Halisahau, mzee."

Akalinunua. Wenzake walipomwona nalo mjini walimcheka: mtu anayevaa koti moja miaka nenda miaka rudi, leo anaendesha sebule! Hawakujua. Verlin hakununua ngozi wala skrini. Alikuwa akinunua akili, kwa sababu nyumbani kwake akili ya mtu ilikuwa ikiisha, na mtu huyo alikuwa Twila, mke wake.

Katika vilima vya mchanga vya Nebraska ng'ombe wa wakati wa baridi hulishwa na watu wawili. Mmoja anaendesha pole pole malishoni. Mwingine anasimama nyuma juu ya marobota, anakata kamba na kumwaga majani makavu, na kundi linafuata. Dereva kwa kawaida ni mke. Ukitaka kujua ndoa ya mtu ikoje, usiende kanisani, nenda ukawatazame wanavyolisha. Wapo wanaotukanana kutoka robota la kwanza hadi la mwisho. Verlin na Twila hawakuhitaji kusemezana. Verlin akigonga paa mara mbili, Twila anaondoa; akigonga mara moja, anasimama. Mengine Twila aliyajua mwenyewe: pale pana shimo chini ya theluji, yule ng'ombe mzee anasukumwa na wenzake, asubiriwe kidogo. Rhonda, binti yao wa pekee, alizaliwa katikati ya msimu wa kulisha, na haikupita muda Twila alikuwa tena kwenye usukani, mtoto kalala ndani ya kikapu miguuni.

Na alikuwa na mdomo, Twila. Mchungaji alipowahi kurefusha mahubiri Jumapili ya baridi kali, alimsubiri mlangoni akamwambia, "Mchungaji, leo umemhubiria Ibilisi mpaka yeye mwenyewe kachoka kutusubiri nje." Mchungaji yule alihamishwa zamani, lakini watu bado wanacheka.

Ugonjwa ulianza na majina, kama kawaida yake. Kisha ukaingia jikoni. Kisha asubuhi moja Verlin aligonga paa mara moja na gari halikusimama. Akagonga tena. Likaenda moja kwa moja mpaka kwenye bwawa lililoganda, barafu ikalia chini ya tairi. Alipomfikia, Twila ameshikilia usukani kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Wanataka nini wale ng'ombe?" akamuuliza.

"Wana njaa tu, mke wangu. Sogea, nitaendesha mimi."

Kuanzia siku hiyo Verlin akawa mficha maradhi. Simu akawa anapokea yeye. Kanisani alimshika kiwiko na kumnong'oneza majina ya watu kabla hawajawafikia. Alijifunza kupika supu ya maharagwe na nyama, na skonzi za mdalasini za kula nayo, vibaya sana, na wakila pamoja Twila alimsifu kwa kuwa hakukumbuka kwamba zamani zilikuwa tamu. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini wahenga hawakuwahi kuishi na Twila, wala hawakuwahi kuamka usiku wakanyoosha mkono wakamkuta yupo.

Aliyewaumbua alikuwa bata mzinga. Rhonda, ambaye sasa anaishi Lincoln na familia yake, alikuja sikukuu ya shukrani, akafungua kabati la nguo kutafuta taulo, akamkuta bata mzinga wa sikukuu, mbichi, amelazwa vizuri, amefunikwa blanketi mpaka shingoni. Rhonda alikaa kwenye kitanda cha wazazi wake akalia. Kisha akafuta uso akamfuata baba yake zizini.

"Baba, pale mjini pana nyumba ya kutunzia wazee. Safi, ina manesi. Nimeshaongea nao."

"Mama yako ana nyumba."

"Baba."

"Nasema ana nyumba, Rhonda."

Rhonda akainua kidevu. Kilikuwa kile kile cha mama yake. "Haya, abaki. Ila jambo moja likitokea, moja tu, apotee, aungue, aumie, namchukua siku hiyo hiyo na hunibishii. Nipe neno lako."

Verlin akampa neno, wakashikana mikono juu yake, kama watu wanaouziana fahali. Kule kwao mtu anaweza kuvunja mguu, lakini neno halivunji.

Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa hii. Nyumbani peke yake Twila hawezi kuachwa, kuna jiko. Kuendesha hawezi tena. Mtu wa kuajiri akija ataona yote, na kwa wiki moja mji mzima utakuwa umejua. Lakini wajane na makapera wa kule wana njia yao: unaweka gia ya chini kabisa, unaliachia gari litambae lenyewe bila dereva, unashuka, unadandia nyuma, unamwaga majani. Malisho ni mapana, litagonga nini? Twila atakaa kiti cha abiria, kwenye joto, mbele ya macho yake. Pikapu yake kuukuu ndiyo ilikuwa imekufa gia mwezi ule ule. Hili jipya lina macho. Yeye atatupa majani, gari litaona.

Siku ya kwanza Twila alipanda, akasimama kwenye ngazi, akawa anaangalia ndani.

"Nikae wapi?"

"Hapo hapo, kiti si hicho."

"Hapana. Mimi nakaa wapi?"

Verlin akaelewa. Katika pikapu kuukuu kiti kilikuwa kimoja kirefu, na wasipokuwa wanalisha Twila alikaa katikati, bega kwa bega na mumewe, tangu walipokuwa wachumba. Sasa pale katikati lilikaa lile sanduku la ngozi, na Twila alikuwa akilipapasa kama mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake.

"Hapo pamechukuliwa na simu," Verlin alisema.

"Imeolewa lini hiyo?" Twila aliuliza, na Verlin akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Malishoni akaweka gia ya chini, gari likaanza kutambaa. Akafungua mkanda, akafungua mlango, akatia mguu nje. Gari likasimama papo hapo, likajiingiza lenyewe kwenye gia ya kuegesha, likaanza kulia kengele. Akarudi, akaanza upya. Likasimama tena. Ng'ombe wamelizunguka, mate yanawatoka, wanamlilia. Akampigia Tanner simu.

"Huo ni usalama, mzee," Tanner alisema. "Linajua dereva ameshuka. Haliwezi kwenda bila mtu."

"Nataka liende bila mtu!"

"Kwa nini?"

Verlin akakata simu. Mjukuu wa mfugaji, anauliza kwa nini.

Aliyemsaidia alikuwa Dwight Haskell, jirani yake wa upande wa kusini, kapera wa miaka sitini na kitu, mwenye ndevu za kahawia na mdomo usiofungwa. Alilizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi. "Hili lisura limefanana na shemeji yangu akidaiwa," akasema. Kisha akachomeka mkanda wa dereva kwenye kifungio chake, kiti kikiwa kitupu. "Lidanganye. Mkanda ukiwa umefungwa, linadhani umo. Akili zote hizo, na linadanganywa na mkanda."

Kabla hajaondoka akachungulia ndani, akamsalimia Twila, Twila akamwita kwa jina la baba wa Dwight, aliyekwisha kufa. Dwight akaitika vizuri tu. Alipomsogelea Verlin aliongea kwa sauti ya chini. "Milango ya nyuma ina kufuli ya watoto. Mkalishe nyuma, Verlin."

"Mke wangu si mbwa wa kuchunga."

"Sijasema mbwa. Nimesema kufuli."

"Nimekusikia."

Dwight akaondoka. Alikuwa amejua siku nyingi, na alikuwa amenyamaza siku nyingi.

Ikabaki shida moja. Ng'ombe wenye njaa hawaogopi gari, wanalitangulia na kulibana puani. Na kila mmoja alipokatiza mbele, gari lilimwona na kushika breki kwa kishindo. Mara mbili Verlin alirushwa juu ya marobota. Mara ya tatu nusura aangukie kichwa. Jioni ile akakaa mbele ya skrini na miwani yake, kidole kimoja kinatafuta, akalizima lile jicho la mbele. Kisha la pembeni, maana nalo lilikuwa linapiga kelele. Gari likamuuliza kwa maandishi kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Hakufikiri kwamba macho yale ndiyo aliyoyanunua. Mtu akiwa anaokoa siku ya leo, haoni ya kesho.

Na kwa muda mambo yakaenda. Niseme kweli, walikuwa na furaha. Twila alikipenda kiti chake, kila kikianza kupata moto aliuliza, "Nani kapika chini yangu?" na kila mara Verlin alijibu, "Mimi." Na kulikuwa na mageti. Kule kwao anayekaa kiti cha abiria ndiye anayefungua geti, awe askofu au mtoto: anashuka, anafungua, gari linapita, anafunga, anapanda. Jambo hilo haliulizwi wala haliombwi. Twila alikuwa amepoteza majina ya ndugu zake, mwezi na mwaka, lakini gari likikaribia geti mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Mnyororo aliufungua kwa vidole vile vile vyepesi. Verlin alikuwa akimtazama kupitia kioo na kujiambia, huyu si mgonjwa, huyu amechoka tu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu mazito, na redioni walikuwa wameonya kwamba theluji ya upepo itaingia mchana. Verlin alitaka kulisha mapema na kwa wingi. Upepo ulitoka kaskazini, unakata uso kama wembe, kwa hiyo akalielekeza gari kusini, kwenye geti linalopakana na malisho ya Dwight, ili asimame nyuma akiupa upepo kisogo cha koti wakati wa kukata kamba. Alikadiria kwamba marobota yataisha kabla ya geti. Akachomeka mkanda kwenye kiti kitupu, akashuka, akadandia nyuma.

Marobota hayakuisha. Kamba zilikuwa zimeganda, kisu kikateleza, akavua glavu, vidole vikafa ganzi. Alikuwa ameinama anapambana na robota aliposikia kengele ya mlango. Ting, ting, ting, kwa upole kabisa. Akageuka. Mlango wa abiria ulikuwa wazi, ngazi imechomoza, kiti kitupu. Akatazama juu ya paa kwenda mbele. Aliona boneti, na mbele ya boneti aliona ncha za juu za geti, karibu sana. Twila mwenyewe hakuonekana. Boneti ile ingeweza kuficha watu watatu wa kimo chake.

Akagonga paa mara moja. Aligonga kwa ngumi, kwa nguvu zake zote, kama alivyogonga maisha yake yote, na gari likaendelea, kwa sababu kwenye usukani hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Akaruka ubavuni. Kuta za nyuma za gari jipya ni ndefu kuliko za lile kuukuu, na mguu wake ulipima urefu wa zamani. Buti likanasa, akaangukia ardhi iliyoganda, akasikia mguu wake ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Akalala kifudifudi. Chini ya gari, kati ya tairi nne zinazozunguka pole pole, aliziona ndara za Twila. Ndara za ndani, za manyoya, alizosahau kumbadilisha asubuhi. Zilikuwa zimesimama mbele ya geti, zinakanyagakanyaga pale pale, kama za mtu anayehangaika na mnyororo. Bampa ikazisogelea.

"Twila! Toka hapo! Toka!"

Ndara zikasogea kando. Geti likalia bawaba zake, likafunguka, gari likapita katikati bila kugusa chochote. Verlin akaweka paji la uso kwenye theluji. Twila alikuwa hai. Alipoinua kichwa, Twila alikuwa analifunga geti, bila haraka, anarudisha mnyororo kwenye ndoano na kuuvuta kuhakikisha umekaza, kama inavyotakiwa. Kazi nzuri isiyo na dosari. Na hata hapo, mguu umepinda, jambo la kwanza lililomjia Verlin kichwani lilikuwa uongo. Nitasema nimeanguka ghalani, aliwaza. Rhonda hana haja ya kujua.

Twila akageuka apande gari. Dereva siku zote humngoja mwenye geti hatua chache mbele. Lakini gari lilikuwa linakwenda.

"Verlin!" akaliita. "Ningoje basi!"

"Niko huku, mama! Niko nyuma yako!"

Upepo ulikuwa unamtoka Verlin kwenda kwake, ungetakiwa kuichukua sauti, lakini ng'ombe walikuwa wanalia na theluji imeanza. Twila hakugeuka. Kwa nini ageuke? Mume wake yumo ndani ya gari. Akaanza kulifuata kwa ndara zake, nusu anatembea, nusu anakimbia, kitambaa cha kichwa kinapepea.

"Verlin, unaniacha! Verlin, nimekukosea nini?"

Akapanda nalo mgongo wa kilima. Gari likazama upande wa pili. Kisha yeye akazama.

Simu ilikuwa kwenye lile sanduku, inajichaji. Verlin akatambaa mpaka kwenye geti, akajiburuta chini yake kwa viwiko. Aliita mpaka sauti ikawa mkwaruzo. Alimlaani Tanner, akamlaani aliyechora boneti ile, akamlaani Dwight na mkanda wake, kisha akafika kwa mtu mwenyewe na laana zikamwishia. Yeye ndiye aliyepofusha macho yale, moja moja, na kuulizwa aliulizwa. Theluji ilifunika alama za tairi na alama za ndara kwa pamoja. Alilia kwa sauti, mzee mzima, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Hakuwa analilia mguu. Alikuwa analisikia lile swali, nimekukosea nini, na hakuwa na njia ya kumfikia mkewe amjibu.

Dwight ndiye aliyeliona gari, limeegemea uzio wake, tairi zinazunguka na kuchimba, nguzo mbili zimelala. Kwenye kiti cha dereva, mkanda umefungwa na hakuna mtu. Kwenye kiti cha abiria Twila ametulia, ndara zimelowa, kiti kinampasha moto. Gari lile lilikwenda mwendo wa kobe, na alikuwa amelikuta na kulidandia. Dwight alimuuliza Twila mume wake yuko wapi. "Nyuma," Twila alimwambia, "anamwaga majani." Dwight akatazama nyuma, akaona marobota mawili na kisu. Aliingia kwenye usukani akarudi kwa njia ya geti, anapiga honi.

Alimkuta Verlin amekuwa mweupe kuanzia kofia hadi buti. "Yuko wapi?" ndilo neno la kwanza Verlin alilosema, midomo haifungiki.

"Ndani. Mzima, ana joto kukuzidi wewe. Usijitikise."

Akambeba kama gunia akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika koti lake, na Verlin akapiga kelele mguu ulipogusa mlango. Dwight alipoinama kumkaza koti alimsogezea mdomo sikioni. "Sikiliza. Umeanguka ghalani. Nimekukuta ghalani. Uzio ule ni wangu, nitaurudishia mwenyewe kesho. Hakuna aliyeona. Rhonda atajua tutakalomwambia wewe na mimi, na mimi nimeshasahau."

Verlin alifumba macho. Nafasi ilikuwa imekuja yenyewe, imewekwa mkononi mwake. Neno lake lingebaki zima kwa nje. Mguu ungeungwa, Dwight angelisha, na Twila angekuwa kitandani akinyoosha mkono.

Twila aligeuka kwenye kiti chake cha mbele akamtazama. Alimtazama kwa huruma, kama alivyokuwa akiwatazama wasafiri walioharibikiwa na gari njiani.

"Maskini babu," akamwambia Dwight. "Midomo yake imekuwa ya bluu. Ongeza moto."

"Twila," Verlin alisema.

"Pole, baba. Usiogope, tunakupeleka nyumbani kwetu. Ila tumngoje kwanza mume wangu. Yuko nyuma anamwaga majani, atagonga sasa hivi."

"Mume wako nani?"

"Verlin." Akasita, akainama karibu naye, sauti ikashuka kama anayetoa siri ya ndani. "Leo alitaka kuniacha njiani. Sijui nimemfanya nini. Ukimwona, usimwambie nimekwambia."

Vioo vya magari yale ni vinene, haviingizi upepo. Dwight alikuwa ameshika usukani, anatazama mbele.

"Mpigie Rhonda," Verlin alisema.

"Verlin, nimekwambia mimi..."

"Mpigie."

Dwight akabonyeza kitufe cha kwenye usukani, akataja jina. Simu ikaanza kuita, ikasikika kutoka kila pembe ya gari, milangoni, darini, chini ya viti. Kisha sauti ya Rhonda ikajaa mle ndani, karibu kama amekaa kati yao.

"Haloo? Baba?"

"Taratibu, mwanangu," Twila akaiambia skrini. "Kuna mgonjwa hapa."

"Mama? Baba yuko wapi? Baba?"

Verlin alinyoosha mkono kati ya viti viwili, akaushika mkono wa mkewe uliokuwa juu ya lile sanduku. Twila akamwachia aushike, kwa sababu alikuwa mtu mwema na mzee yule alikuwa na baridi.

"Rhonda," alisema. "Njoo umchukue mama yako."